Nani alikwambia mtu huwa hodari 'katika' kupika?

MJUKUU wangu, aliye katika Gredi ya Sita, alinijia Jumamosi iliyopita na daftari lake la Kiswahili mkononi, machozi yakimlengalenga. Alikuwa ametunga sentensi kumi za vivumishi. Tisa zilipigwa tiki. Moja ilikuwa na alama nyekundu: "Mama yangu ni hodari wa kupika." Neno 'wa' limekatwa, na juu yake mwalimu ameandika 'katika'.

"Babu, kwani nimekosea wapi?"

Niliisoma ile sentensi mara mbili nikilitafuta kosa. Sikuliona. Hiyo 'wa' aliitoa kwa nyanyake, ambaye kwao ni Kilifi, na nyanyake hakuitoa kitabuni. Aliisikia kwa mamake akiwa mtoto mdogo, naye huyo mama aliisikia kwa mamake. Kisha yuaja mtu na kalamu nyekundu, aifute.

Nisieleweke vibaya. Simlaumu mwalimu huyo peke yake, na shule yenyewe sitaitaja. Nimesahihisha karatasi za mitihani kwa zaidi ya miaka 30 na nimefundisha walimu wengi waliofundisha walimu wengine. Ikiwa kuna kosa hapa, basi na mimi nina fungu langu.

Hebu tuulize kwanza hiyo 'katika' ilitoka wapi. Ilitoka kwa Kiingereza, wala haikujificha. Kiingereza kina desturi ya kukiambatanisha kivumishi na kihusishi maalumu, na mwanafunzi hana budi kukariri jozi hizo moja moja kama meza za hesabu. 'Good' hufuatwa na 'at', 'afraid' na 'of', 'married' na 'to', 'interested' na 'in', 'angry' na 'with'. Ukiuliza kwa nini, hupati jibu. Ndivyo ilivyokubaliwa. Mwingereza akisema mtu ameoa, hutumia 'to', kana kwamba bwana harusi amefungwa kwenye mti. Mhispania na Mjerumani kwa jambo hilo hilo hutumia neno lenye maana ya 'pamoja na'. Nani kati yao ana mantiki zaidi?

Na hao Waingereza wenyewe hawajaafikiana. Chukua 'different'. Sisi tuliosoma zamani tuliambiwa kwamba hufuatwa na 'from' tu, na atakayeandika 'to' amejitafutia sufuri. Lakini Fowler, ambaye kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza kilitoka mwaka wa 1926 na kikawa kama msahafu kwa wahariri wa huko, alisema kwamba kuikataza 'to' ni ushirikina tu. Waingereza wengi huitumia hadi leo. Wamarekani nao wana 'than' yao. Mimi nilichapwa kiboko kwa ajili ya hiyo 'to' mwanzoni mwa miaka ya 1970, na aliyenichapa hakuwa amemsoma Fowler.

Kiswahili hakikuumbwa hivyo. Vihusishi vyetu halisi ni haba. Tunavyo 'kwa', 'na', 'katika', 'hadi', 'tangu' na vingine vichache, na kazi kubwa ambayo Kiingereza hukipa kihusishi, sisi huipa kitenzi chenyewe au a-unganifu.

Tuanze na a-unganifu, maana ndiyo iliyomliza mjukuu wangu. Sikiliza Waswahili wakizungumza. Fulani ni mwepesi wa kusahau. Yule ni mzito wa kuelewa. Huyu ni mgumu wa kutoa, yaani bahili. Bi harusi ni mzuri wa sura. Mzee ni mfupi wa kimo lakini mwingi wa busara. Kijana ni mchache wa adabu. Je, unasikia mpangilio wake? Kivumishi kimetangulia, kisha 'wa', kisha jambo linaloipa sifa hiyo mipaka. Uzuri wa bi harusi umewekewa mpaka: ni wa sura, tabia bado hatujaijua. Hiyo 'wa' tena si neno mfu, maana hupatana na ngeli: kisu kizuri cha kukatia nyama, dawa kali ya kuulia wadudu. Hodari, stadi, bingwa, fundi, hata yakiwa maneno yaliyokuja kutoka nje, yaliingia kwenye mkondo huo huo bila shida. Hodari wa kupika. Stadi wa kuchonga. Bingwa wa kuruka viunzi. Na fundi wa maneno, kama wanasiasa wetu.

Sisemi kwamba 'hodari katika' ni haramu. Ukisema mtu ni hodari katika michezo, umeutaja uwanja wa shughuli zake na unaeleweka vizuri, na waandishi wazuri wameandika hivyo. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba 'hodari wa kupika' ni kosa ni safari ndefu sana! Ni sawa na mgeni kuingia nyumbani kwako, akavutiwa na kiti chako, kisha akakwambia wewe ukae chini.

Njia ya pili ni kauli ya kutendea. Bi Ashton, katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka wa 1944, aliiita kauli ya kihusishi, na jina hilo lilikuwa na maana yake. Kile ambacho Mwingereza hukisema kwa kuongeza neno, Mswahili hukisema kwa kuingiza silabi. Mwingereza akiwa na hofu, ana 'of' ya kitu kinachomtisha na 'for' ya mtu anayemwonea wasiwasi. Sisi tuna 'namwogopa mwanangu' na 'namwogopea mwanangu'. Baba wa kwanza ana mtoto jambazi, baba wa pili ana mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani usiku. Irabu moja tu imetenganisha nyumba hizo mbili.

Sasa tazama kinachotokea tunapoiacha silabi hiyo na kukimbilia 'na'. Mtu akikukasirisha, kwa Kiswahili unamkasirikia. Lakini siku hizi redioni na magazetini, na hata kwenye vikao vya idara yangu, nasikia 'amekasirika na'. Tuseme umekutana na kichwa cha habari hiki: "Gavana akasirika na mawaziri wake". Msomaji wa Lamu ataelewa kwamba gavana kakasirika, na mawaziri nao wamekasirika, wote pamoja, labda na bunge la kaunti. Msomaji wa Nairobi ataelewa kwamba mawaziri ndio waliomkosea gavana. Gazeti ni moja, lugha ni moja, na habari ni mbili zinazopingana. "Gavana awakasirikia mawaziri wake" lingemaliza ubishi, na herufi iliyozidi ni moja tu.

Kujivunia nako kumepatwa na maafa hayo hayo. Wanariadha wetu wakirudi na medali, utasikia mtangazaji akisema, "Tunajivuna na nyinyi." Kujivuna ni kuringa. Kwa hiyo amesema kwamba sisi na wanariadha tumekaa mahali fulani tunaringa kwa pamoja. Alichotaka kusema ni "tunajivunia nyinyi". Silabi hiyo ndogo ndiyo inayougeuza mwiba kuwa ua.

Na lipo moja ambalo huniudhi zaidi, kwa sababu linahusu damu. Shambulio likitokea, taarifa husema kwamba kundi fulani 'limekiri kuwajibika kwa shambulio hilo'. Hii ni tafsiri ya neno kwa neno. Katika Kiswahili, kuwajibika ni sifa nzuri. Mfanyakazi anayewajibika hupandishwa cheo. Mzazi anayewajibika huwalipia watoto karo. Tukisema wauaji 'wamewajibika', tumewapa cheti cha utendakazi bora, tena mbele ya jamaa za waliouawa. Kwa nini tusiseme kundi hilo limekiri kwamba ndilo lililoshambulia? Kitenzi kipo na kinajitosheleza. Hakihitaji 'kwa'.

Vivyo hivyo ndoo. Ndoo hujaa maji. Chumba hujaa watu. Moyo hujaa huzuni. Hapo hapana 'na' wala 'kwa' wala 'ya', ni kitenzi na nomino tu. Lakini kwa kuwa kile kivumishi cha Kiingereza hudai 'of', mwanafunzi wa leo huona pengo mahali ambapo hapana pengo, kisha hulijaza: "Ndoo imejaa na maji." Karibu kila rundo la insha ninalosahihisha lina ndoo kama hiyo.

Mwenzangu mmoja kijana, mwanaisimu hodari ambaye nampenda kwa ubishi wake, aliniambia nikinywa chai ofisini, "Prof, wacha lugha itembee. Wakenya wengi wakisema 'imejaa na maji', basi hicho ndicho Kiswahili cha Kenya. Hata hao wa pwani walibadilisha yao wakati wa Waarabu na Wareno." Hoja yake ina uzito, na siwezi kuitupa. Nimeyaona mengi yakiingia na kutulia. 'Mbali na', kwa mfano, zamani ilikuwa ya umbali tu: Kisumu ni mbali na Mombasa. Leo tunasema 'mbali na hayo' tukimaanisha 'zaidi ya hayo', na nadhani Kiingereza kilitusukuma huko. Mimi mwenyewe huiandika. Vile vile 'tofauti kutoka kwa' badala ya 'tofauti na': inakwaruza sikio langu, ila maana haipotei, na mwaka juzi mhariri alinikamata nimeiandika katika makala yangu mwenyewe. Nilinyamaza kimya.

Nilimjibu kijana yule kwa swali. Je, nikisema "Halima ameolewa kwa Omari", mume wa Halima ni nani? Akajibu bila kufikiri: Omari. Nikamwambia amwulize karani wetu, mwenyeji wa Malindi. Karani akasema, "Ni mtoto wa Mzee Omari. Ila sijui yupi, maana hukunieleza." Kwa Mswahili, kuolewa kwa Omari ni kuingia katika nyumba ya Omari, na anayemuoa Halima huenda ni kijana wake. Kuolewa na Omari ndiko kuolewa na mwenyewe. Sasa peleka 'kwa' hiyo kwenye mahakama ya kadhi, kwenye kesi ya urithi, uone kama lugha itatembea au itamkanyaga mtu.

Kijana alicheka, nami nikacheka, lakini akilini mwangu nilikuwa nawaza jambo ambalo sikumwambia siku ile.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka shangazi yangu hospitali. Wakati huo alikuwa na miaka 80 na ushei, akili zake timamu kabisa, Kiswahili chake kikavu cha kizamani. Tulipewa fomu, na nilifurahi kuona kwamba imeandikwa kwa Kiswahili. Nikamsomea maswali, akajibu, nikajaza. Tukafika swali lililouliza hivi: "Je, wewe ni mzio kwa dawa yoyote?"

Shangazi alinitazama. "Mimi ni mzio?"

Kwa asili, mzio ni kile kitu ambacho mtu haruhusiwi kukila au hakipatani naye, akikila, kinamdhuru. Mzio ni kitu, si mtu. Pweza anaweza kuwa mzio wangu, lakini mimi siwezi kuwa mzio kwa pweza, labda kama pweza ndiye anayenila. Aliyeitafsiri fomu ile alikuwa na kivumishi cha Kiingereza mbele yake pamoja na 'to' yake. Akatafuta neno la Kiswahili la kuziba nafasi ya kivumishi, akalipata, akaweka 'kwa' mahali pa 'to', kisha akaenda zake. Mwelekeo wa maana ukageuka nyuma mbele.

"Basi una mzio wowote, shangazi?" nikajaribu kumrekebishia, nikidhani nimetatua.

"Nilikuwa nao wa nyama ya mbuni, ile ya ukoo wetu. Dawa hazina mzio."

Nikaandika 'La'. Naam, mimi profesa wa Kiswahili niliandika 'La' kwa mkono wangu, nikairudisha fomu dirishani.

Aliyetuokoa ni muuguzi mmoja, msichana mdogo tu. Alipokuja na sindano hakuiangalia fomu. Alimwinamia na kumwuliza, "Nyanya, kuna dawa uliwahi kupewa ikakuwasha, ama ikakufurisha uso, ama ukashindwa kupumua?" Shangazi akajibu papo hapo: ipo. Penisilini. Ilimfurisha macho mpaka hakuona, zamani, alipojifungua mtoto wa tatu. Muuguzi akaiweka sindano chini, akarudi kwa daktari.

Shangazi alitibiwa kwa dawa nyingine na akapona. Sikulala usiku ule. Ukilitazama swali la muuguzi, halina kivumishi hata kimoja. Lina vitenzi vitupu: ikakuwasha, ikakufurisha. Ndivyo Kiswahili kinavyouliza jambo hilo, na msichana yule hakufundishwa hivyo chuoni. Chuoni alifundishwa kwa Kiingereza. Alikuwa ameamua tu kuzungumza na mtu.

Narudi kwenye daftari. Jumatatu nilimwandikia mwalimu barua fupi, ya heshima, nikimweleza kwamba 'hodari wa kupika' ni sahihi na nikimpa mifano. Alinipigia simu jioni yake. Sauti ilikuwa ya mtu mpole aliyechoka. Hakubisha. Alisema, "Profesa, nakuamini. Lakini niambie ni kitabu gani, ukurasa upi, nikawaonyeshe wenzangu, maana mwongozo tunaotumia unasema 'katika'. Bila kitabu wataniambia ni maoni yako tu."

Nilisimama mbele ya rafu zangu na simu sikioni. Nina kamusi za Kiswahili zaidi ya kumi, kuanzia zile za wamisionari hadi za juzi. Nikaifungua moja, nikaifungua ya pili. 'Hodari' imeelezwa vizuri: jasiri, mwenye bidii, mwenye ustadi. Aina ya neno imetajwa. Kwamba hufuatwa na 'wa', na lini huweza kufuatwa na 'katika', hilo msomaji ameachiwa aliokote katika sentensi ya mfano, kama mfano upo. Kwangu mfano haukuwapo.

Na hili ndilo lawama langu kubwa, nami nalielekeza kwetu sisi wasomi kuliko kwa walimu na watangazaji. Waingereza waligundua zamani kwamba mgeni hawezi kujua 'good' hufuatwa na nini kwa kuambiwa maana yake tu. Hornby na wenzake wawili, waliokuwa wakifundisha Kiingereza huko Japani, walitoa kamusi mjini Tokyo mwaka wa 1942 iliyomwonyesha mwanafunzi jinsi neno linavyoungana na mengine. Oxford waliichapisha upya mwaka wa 1948, na hiyo ndiyo mama wa kamusi zile nene ambazo watoto wetu hubeba shuleni. Mwaka wa 1986 ikatoka nyingine ambayo kazi yake yote ni hiyo tu, kuonyesha neno lipi huandamana na lipi, vivumishi na vihusishi vyake vikiwamo. Kwa hiyo mtoto wa Kenya akitaka kujua Mwingereza husemaje, ana mahali pa kuangalia. Akitaka kujua nyanyake husemaje, aende Kilifi.

Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985. Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ndiyo maana leo tuna fomu za hospitali, za benki na za polisi kwa Kiswahili. Miaka yote hiyo tumebishana juu ya istilahi, tumeunda maneno ya tarakilishi na ya sayansi, na tumeandika tasnifu juu ya fonolojia. Yangu ni mojawapo. Mwalimu wa Gredi ya Sita hana ukurasa hata mmoja wa kumwambia kwamba ndoo hujaa maji bila kihusishi.

Nilimwomba anipe wiki moja. Nimekaa na mama watoto jioni tatu sasa, mimi na kalamu, yeye na kumbukumbu zake, na mara mbili tumempigia dadake simu kuhakikisha. Hadi jana usiku tulikuwa tumeandika vivumishi 64 na kinachovifuata kila kimoja. Vingine vimetushinda: yeye anasema 'mkarimu wa wageni', dadake anasema 'mkarimu kwa wageni', na hakuna aliyekubali kushindwa. Nimeviandika vyote viwili. Mjukuu wangu ndiye anayeinakili orodha kwa mwandiko safi, na Jumatatu ataipeleka shuleni ndani ya daftari lile lile.